Moto wa Hostia za Sista Gloriose

Sista Gloriose Nduwimana hajui kudanganya, na kasoro hiyo, kama ni kasoro, ilimtia aibu mbele ya watu wapatao mia katika ukumbi wa parokia huko Songo, mjini Uvira.

Siku ile alikuwa anasema vizuri, na alijua kwamba anasema vizuri. Ni binti wa wakulima wa Lubarika, ana miaka hamsini na miwili, na sauti yake haihitaji kipaza sauti. Alieleza jinsi milima iliyo juu ya Uvira inavyokatwa miti ili ichomwe makala, yaani makaa ya kupikia, jinsi mvua ikinyesha udongo unavyoshuka na nyumba za watu, na jinsi ziwa lilivyopanda likaingia vyumbani huko Kalundu, ufukoni. Wanaochafua hewa kwa viwanda wako mbali, alisema, nao wanapaswa kuulizwa uso kwa uso. Yeye ndiye aliyechaguliwa kuwauliza: baada ya Pasaka wangekuja wageni kutoka Ulaya, na masista wangesema kwa niaba ya watu wa kando ya ziwa.

Ndipo akasimama Mama Noella, mjane anayeuza makala sokoni.

“Ma sœur, minye niko na swali moja. Ile hostia munatupatiaka ku misa, munaipikaka na nini?”

Masista hao ndio wanaooka hostia za parokia zote za karibu. Ni unga wa ngano na maji, basi, kati ya vyuma viwili vinavyowekwa juu ya mbabula, jiko dogo la chuma. Na mbabula inakula makala. Mwingine angekohoa, kisha akaomba waimbe kidogo. Gloriose hakujua njia hizo.

“Na makala,” akasema.

“Makala ya nani?”

“Ya kwako, mama. Mifuko miwili kila mwezi.”

Watu walivunjika mbavu. Abbé Déogratias, paroko, alicheka hadi akatoa kitambaa cha kufutia macho. Gloriose hakucheka. Akasema palepale, kabla hajajishauri, kwamba vyuma vya hostia havitagusa tena makala ya miti. Jumapili ya Matawi ikifika bila hostia safi, atanunua makala ili watu wasikose komunyo siku ya Pasaka, lakini hatafungua mdomo mbele ya wageni. Hiyo haraka yake, marehemu mama yake aliilalamikia tangu Gloriose akiwa mtoto.

Alikwenda Lubarika kwa kaka yake Ngendakumana, ambako maganda ya mpunga hutupwa nyuma ya mashini ya kukoboa. Akarudi na magunia sita. Aliyachoma maganda hadi yakawa meusi, akayachanganya na uji wa muhogo, akayafinyanga mabonge, akayaanika uani. Masista wenzake walipita hapo wamekunja kanzu zao zisichafuke. Hostia za kwanza zilitoka za kijivu. Za pili zilinuka moshi. Abbé Déogratias alionja moja, akaitafuna muda mrefu kuliko ilivyostahili.

“Ma sœur, nunua mufuko moja tu ya Pasaka. Mungu ataelewa.”

“Mungu ataelewa, Abbé. Mama Noella hataelewa.”

Zilikuwa zimebaki siku tano kabla ya Matawi. Alichofanya kilimuuma kuliko kuchafua mikono: alikwenda sokoni, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya meza ya mwanamke yule yule aliyemwaibisha, akaomba afundishwe moto.

Mama Noella alimtazama kutoka viatu hadi kitambaa cha kichwani. “Weye unajua kusema na bazungu, lakini moto huijue.” Kisha akafunga mifuko yake, akamfuata.

Uani alivunja bonge moja. Katikati lilikuwa bado bichi. “Haiyakauka. Na unawekaka vyuma mbio mbio. Acha kwanza moshi yote iishe, moto ibakie nyekundu.”

Waliyaanika mabonge siku tatu, wakiyageuza kila jua liliposogea. Jumamosi, siku moja kabla ya Matawi, waliwasha. Kila Gloriose aliponyoosha mkono kushika vyuma, Mama Noella aliurudisha. Moshi ukaisha. Wakangoja tena.

“Sasa,” akasema Mama Noella.

Hostia zilitoka nyeupe, hazinuki chochote. Gloriose alilia waziwazi, kwa furaha na kwa fahari, mbele ya masista wote. Mama Noella akaokota vipande vilivyobaki baada ya hostia kukatwa, akala, akasema vimekosa chumvi.

Pasaka hiyo hakuna aliyekosa komunyo. Na kwenye meza ya Mama Noella sokoni, upande mmoja kukawa na mabonge ya mpunga na upande mwingine makala, na upande wa makala ukawa unapungua kila wiki.

Wageni walipokuja, Gloriose alisema yote aliyokuwa ameyabeba: milima, udongo, Kalundu, viwanda. Mgeni mmoja, mtu mwenye adabu, akaandika kidogo, kisha akauliza kupitia mfasiri: je, wenyeji wenyewe wanafanya nini kulinda miti yao?

Kabla Gloriose hajajibu, Mama Noella alikuwa ameshasimama. Alitembea hadi mbele na kikapu chake, akatoa bonge jeusi, akaliweka juu ya karatasi za mgeni.

“Ile swali, minye nilishaiuliza,” akasema. “Na huyu ma sœur alishajibu. Sasa tunangojea jibu ya kwenu.”

Mfasiri alisita, akamwangalia paroko.

“Tafsiri yote,” Gloriose akamwambia. “Usipunguze hata neno.”