Mwaka Tulioogopa Kumtua Mtu Mzigo

Kitabu chenyewe kilinuka dagaa. Kilikuja kwa treni kutoka Kigoma ndani ya kapu la binamu yake mama, kimebanwa kati ya mfuko wa dagaa na chupa ya mawese, na mpaka mtaa mzima wa kwetu Isevya, mjini Tabora, unamaliza kukisoma, harufu ile haikutoka. Hata leo nikipita sokoni nikakutana na dagaa wa Kigoma waliokaushwa vizuri, tumbo linaunguruma na nywele zinanisimama kwa wakati mmoja. Kiliitwa Mpagazi Asiyetua. Kwenye jalada palikuwa na mtu mweusi tii aliyejitwika kitu kikubwa kuliko yeye mwenyewe, njia nyekundu mbele yake, na uso hana. Aliyekiandika tulimjua kwa vitabu vyake vilivyotangulia, vya majumba yenye majini na maiti wanaorudi kudai haki zao. Jina lake silitaji, ni mtu mzima sasa na ana heshima zake. Sisi tulimwita Mtunzi, basi, kana kwamba duniani hakuna mtunzi mwingine.

Kwa asiyekisoma nimweleze, maana bila kisa hiki hatanielewa. Zamani za misafara, mpagazi mmoja alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji kwenda pwani. Alipokaribia Tabora nguvu zikamwishia, akawaomba wenzake wamtue, nao wakampita. Akafa wima, mzigo kichwani. Tangu siku hiyo anatembea. Huja mchana wa jua kali, saa ambayo kivuli cha mtu kimejikunja chini ya nyayo zake, na huja na sura ya mtu unayemjua: muuza mkaa, shangazi yako, mtoto wa jirani. Husema neno moja tu: nitue. Ukiugusa mzigo wake, yeye anapata kupumzika, na wewe ukiamka asubuhi unao kichwani, wala hapatatokea binadamu wa kukutua mpaka kiama. Dalili yake ni moja: amesahau kwao. Ukimuuliza anatoka wapi, atazungukazunguka na maneno, hatajibu. Na Mtunzi, Mungu ampe anachostahili, alitaja Kwihara, hapo jirani yetu, kwa jina, akataja njia tuliyokuwa tukipita kila siku kwenda kuchota maji. Hebu fikiria! Tabora yetu, ambayo watu wa mbali waliijua kwa reli na asali, leo imo kitabuni na mzuka wake yenyewe. Tulivimba vichwa.

Nakala ilikuwa moja na wasomaji ni mtaa. Kiligombewa kile kitabu, jamani, mpaka watu wazima wakanuniana. Fundi Sudi, fundi cherehani aliyekuwa akishonea kwenye baraza ya nyumba yetu, alikisoma huku anakanyaga pedeli, akaunganisha mkono wa gauni la watu kwenye shingo. Mwenye gauni alipokuja hakugomba hata kidogo, alimuuliza amefika sura ya ngapi. Mwalimu wangu alininyang'anya darasani kwa hasira, akanihubiria juu ya vitabu vya maana, na kilipokuja kurudi kurasa za mwisho zilikuwa na alama za vidole vyenye chaki. Aliyethubutu kumsimulia mwenzake mwisho kabla hajaufikia alitengwa. Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, na swali lililonisumbua msimu ule lilikuwa hili: hawa watu wanaoogopa kwenda chooni peke yao giza likiingia, wanaogopa mbwa, wanaogopa radi, kwa nini wanapigania kuogopeshwa zaidi?

Nilimuuliza bibi yangu, mama yake baba, Bi Mwamvua, ambaye ndiye aliyenilea. Akacheka, akasema, "Woga wa kitabu una utamu wake, Zena. Unaogopa na chai iko pembeni." Lakini alikuwa ananidanganya, maana yeye ndiye aliyeogopa kuliko wote. Bibi alisoma Kurani vizuri, ila herufi za shuleni hakuzijua, kwa hiyo macho yake kwenye kitabu kile yalikuwa mimi. Vyombo vya mchana vikishaoshwa aliniita barazani, nami nasoma kwa sauti, naye anachambua mchele bila kuutazama. Na alikiamini chote, neno kwa neno. Nilipojaribu kumwambia ni hadithi ya kutungwa, alinitazama kwa huruma. "Mtu mzima na akili zake akae aandike kurasa zote hizo za uongo? Ili apate nini?" Kusema kweli, jibu lake mpaka leo silijui vizuri.

Sasa lazima niseme habari ya kutua, kwa ajili ya vijana. Wakati ule vyakula vingi viliingia mtaani juu ya vichwa vya watu. Kapu lililotwikwa na watu wawili haliwezi kushushwa na mmoja, shingo itavunjika au mali itamwagika. Kwa hiyo mtu akisema nitue, hukai kufikiri. Unaacha tonge, unaacha ugomvi, unakwenda. Hata mtu uliyemnunia ulimtua kwanza, halafu mkaendelea kununiana. Msimu ule jambo hilo likaanza kuharibika, polepole, kwa utani. Walianza watoto: mmoja anaweka kuni kichwani, anasema nitue kwa sauti nzito, wengine tunatawanyika tukipiga mayowe. Kisha nikawaona wakubwa. Wanacheka, lakini mikono wameificha nyuma. Muuza mkaa aliita mlango hadi mlango, mwisho akaliachia gunia lake lianguke, likapasuka njiani. Watu walimwokotea mkaa, tena kwa wema kabisa, huku wanamuuliza kwao ni wapi.

Siku ninayotaka kuisimulia jua lilikuwa la utosi, wiki chache kabla ya mvua, ardhi inachoma mpaka mbwa anachagua pa kukanyaga. Bibi alikuwa kwenye mkeka wake, Fundi Sudi kwenye cherehani, na mimi nimeegemea nguzo nasoma ile sura ambayo mpagazi anamtokea mwanamke wa Kwihara kwa sura ya dada yake, mtoto mgongoni. Ndipo tukasikia sauti njiani: "Hodi wenyewe! Nitueni jamani, shingo inakatika." Alikuwa Mama Kulwa, mkulima wa Itetemia, muumini wa kanisa la Moravian, aliyekuwa akituletea mihogo tangu sijaota meno ya pili. Kichwani ana tenga limejaa mpaka linamwaga udongo, na mgongoni kambeba Shija, yule aliyefuatia mapacha wake. Cherehani ikanyamaza. Fundi akanitazama, nami nikakitazama kitabu.

"Mama Kulwa," Fundi Sudi alisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "hivi kwenu ni wapi?"

"Ebo! Fundi, leo umelewa? Juzi si umekula mihogo yangu ukalamba na vidole? Njoo unitue!"

"Hakutaja," Fundi akanong'ona. "Bi Mwamvua, umesikia? Nimemuuliza kwao, hakutaja."

Mama Kulwa alidhani tunatania. Akatabasamu kidogo, akasubiri, kisha akageuka akaenda nyumba ya pili, na mlango wa nyumba ya pili ukafungwa taratibu, kwa adabu, kabla hajafika. Akarudi kwetu. Sasa alikuwa hatanii tena. Miguu ilimtetemeka kuanzia magotini, na mtoto mgongoni akaanza kulia. Kuinama hawezi kwa sababu ya mtoto. Kulitupa tenga nyuma hawezi, litamwangukia mtoto. Kulitupa mbele litaondoka na shingo yake. Alisimama pale juani ameshika tenga kwa mikono miwili, jasho na machozi vikimshuka pamoja, akasema kwa sauti ndogo, "Nimewakosea nini?" Nilimwonea huruma. Lakini niliogopa vilevile, na juu ya yote, Mungu anisamehe, nilitamani sana kujua: kama ndiye, chini ya ile mihogo kuna nini?

Bibi akaweka ungo chini. "Funga kitabu, Zena. Ingia ndani na mlango uufunge."

Nilimdaka upindo wa khanga. "Bibi, usiende! Akiwa ndiye je?"

"Akiwa ndiye," Bibi alisema, akiitoa mikono yangu, "huyo kachoka zaidi."

Sikuingia ndani. Nilisimama kizingitini nikaona yote. Alishuka ngazi za baraza kwa shida, maana magoti yake yalikuwa mabovu, akapiga bismillahi kwa sauti, akalishika tenga kwa mikono miwili. Nilimwona usoni. Mtu anayefanya mzaha hana uso ule. Wakapiga magoti pamoja, wakaliteremsha mpaka likagusa chini, na Mama Kulwa akakaa palepale kwenye vumbi akihema. Fundi Sudi alikuwa amesimama upande wa pili wa cherehani yake, tepu shingoni, anasoma ayatul kursi. Mimi nikakimbilia tengani, nikapekua. Mihogo mitupu. Nakiri kwamba nilivunjika moyo kidogo.

Maji yalipoletwa na mtoto akanyamazishwa, ikabidi mtu aeleze. Fundi Sudi alikuwa amepata kazi ghafla ya kutia uzi kwenye sindano, kwa hiyo alieleza Bibi. Mama Kulwa alisikiliza mdomo wazi. Nilitegemea atatutukana, na haki angekuwa nayo. Badala yake alikitazama kile kitabu mapajani mwangu. "Kwa hiyo mimi ndiye shetani wenu?" Akaangua kicheko, akacheka mpaka Shija akaanza kulia tena, akacheka mpaka akafuta macho kwa khanga. Kisha akavuta mkeka. "Haya, kisome na mimi nisikie habari zangu." Akakaa mpaka alasiri. Toka hapo kila alipoleta mihogo alidai sura yake kwanza ndipo tuzungumze bei, na akamfanya Fundi Sudi mboga: alimnyemelea nyuma ya cherehani, akamnong'oneza nitue sikioni, na yule mzee na mvi zake akaruka.

Lakini Bibi hakucheka siku ile. Jioni alioga kama anayekwenda safari, akavaa khanga mpya, akanionyesha lilipo sanduku lenye sanda yake. Halafu akachukua khanga kuukuu, akaisokota vizuri, akatengeneza ngata ya duara, ile ya kuwekea mzigo kichwani, akaiweka kando ya mto wa kulalia. Nilimuuliza ya nini. "Kama ni mzigo wa kubeba mpaka kiama," alisema, "angalau usiniumize utosi." Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani anajipapasa kichwa. Hakuna kitu. Fundi Sudi alifika mapema kuliko siku zote, akasimama mbali kabisa, akauliza, "Bi Mwamvua, umeamkaje?" huku anatazama juu ya kichwa chake wala si usoni. Nikasema umeona sasa, Bibi, ni uongo. Akatikisa kichwa chake chepesi. "Si uongo. Ila yule hakuwa yeye. Siku nyingine atakuwa yeye." Na kila mtu alipoita nitue mtaani kwetu msimu ule, Bibi ndiye aliyeshuka barazani wa kwanza, na kila jioni yake alisokota ngata. Wengine waliona haya, wakaanza kushuka naye, hata Fundi. Mvua zilipoanza hapakuwa tena na aliyeficha mikono nyuma.

Siku hizi Isevya mihogo inaletwa na bodaboda, na mabinti wa leo ukiwatajia ngata wanakutazama tu. Kupenda kutishwa hakujapungua, kumezidi. Nimo kwenye kundi la simu lenye watu kuanzia Nzega na Ulyankulu mpaka Dar es Salaam, simulizi inarushwa kipande kwa kipande, na kipande kikichelewa watu wanatukana. "Mtunzi unatuua!" wanaandika, na vikatuni vya kucheka machozi. Mimi ni mmoja wao, sijitoi, nalipia kabisa. Ila naona tofauti. Tunaogopa mpaka pale simu inapozimwa, tunaweka pembeni, tunalala vizuri. Sijawahi kusikia hata mmoja wetu aliyebadilisha njia ya kwendea sokoni kwa sababu ya alichokisoma. Huenda ndiyo kuelimika, sikatai. Lakini wakati mwingine najiuliza kama wasomaji wa aina ya bibi yangu bado wapo.

Mtunzi yumo katika kundi hilo, mzee sasa, anaandika kwa makosa ya vidole na anawaita wote wajukuu. Mwaka huu, Bibi akiwa ameshatangulia mbele ya haki, nilijipa moyo nikamwandikia pembeni. Nilimsimulia mchana ule wote, Mama Kulwa juani na mtoto wake, milango ikifungwa, na mwanamke mmoja mwenye magoti mabovu aliyekiamini kitabu chake kuliko alivyokiamini yeye mwenyewe. Nilimuuliza kama alipokiandika aliwahi kufikiri kwamba kuna mtu atakubali kumtua mpagazi wake. Nilidhani atajisifu, au atanitumia kikatuni. Jibu lilikuja kesho yake asubuhi, fupi, safari hii bila kosa hata moja. "Pole kwa bibi yako. Yule mpagazi nilimtunga mimi, na najua hayupo. Lakini ningekuwa pale barazani kwenu, nisingethubutu kumtua yule mama."