Siku Niliyomtangaza Mchumba Wangu Kuwa Dada

Chekeni tu, mimi mwenyewe nishazoea, maana hapa mtaani kwetu New Site hata mwenye kioski akiniuzia sabuni ananisalimia "Taban wa Dada", na siwezi kukataa, ni kweli nilimwaga mtama penye kuku wengi, tena kwa mikono yangu.

Ilikuwa miaka ile ya amani, watu wanarudi Juba kutoka kila pembe, na mimi nimerudi kutoka Kenya na Kiswahili cha Nairobi na kichwa kikubwa. Nilitaka kumuoa Keji. Sasa kwetu, kabla ng'ombe hata mmoja hajatajwa, wazee huchambua koo kwanza wajue hamna damu moja, nami nikaona mimi ni mtu wa karatasi, nitawaletea ushahidi. (Mama yangu alikuwepo, mzima, mtu anayekumbuka hadi rangi ya mbuzi tuliyemwacha vitani, lakini kumuuliza mama niliona ni ushamba.) Nikamwomba binamu yangu aliyebaki Nairobi anitafutie nakala ya rekodi ya uhamiaji ya familia yetu, ya siku tulipovuka mpaka kuingia Kenya kule Lokichoggio, nikiwa na miaka minne.

Bahasha ikafika na basi siku yenyewe ya mazungumzo. Nikaifuata kituo cha basi cha Sherikat, na badala ya kuipeleka nyumbani imefungwa nikaifungua palepale juu ya boda. Jina la baba, sawa, Mungu amlaze pema. Mtoto wa kiume, mimi. Mke: jina la mama yake Keji. Mtoto mchanga wa kike: Keji. Mama yangu mzazi hayumo kabisa.

Haki ya Mungu! Nilisoma tena na tena, nikiguna kama mgonjwa. Mganda wa boda akageuka.

"Wewe iko na nini? Mtu nakufa?"

"Nataka kuoa dada yangu," nikamwambia.

"Ai! Hiyo hapana, ssebo! Shika mimi, tunaenda simamisha hiyo maneno!" Akaendesha utadhani aliyeposa ni yeye.

Mtu mwenye akili angemvuta mamake kando akamuuliza. Mimi niliingia uani kwa kina Keji na vumbi usoni, wazee wamekaa chini ya turubai, Keji anapitisha vinywaji vya karkade, Mjomba Wani, msemaji wa kina Keji, ndiyo kwanza anafungua mdomo ataje ng'ombe, nikapaza sauti: "Simamisheni! Keji ni dada yangu! Baba alikuwa na mke mwingine, na ni huyu hapa!" Nikamnyooshea kidole mama yake Keji, rafiki wa mama yangu tangu kambini. Mkwe wangu jamani, kidole!

Trei ikamponyoka Keji, karkade nyekundu ikammwagikia mzee mmoja kwenye jalabia yake nyeupe. Vijana wao wakasimama. Keji hakulia, aliokota trei akanipa mgongo, na nikajua ndoa imekwisha.

Mama yangu akanikamata shati. "Malesh, jamaa, malesh," akawaomba wazee radhi, kisha akanigeukia. "Taban, unajua siku hiyo mimi nilikuwa wapi? Nilitangulizwa na gari la wagonjwa, malaria imenilaza. Baba yako akamkuta huyu mama mpakani, peke yake, mtoto mgongoni, anaogopa kurudishwa vitani. Akasema huyu ni mke wangu. Tukafunga midomo miaka yote, kwa sababu mkimbizi akijulikana amedanganya tuliogopa atafukuzwa."

Nilidhani aibu imeishia hapo. Kumbe! Mama yake Keji akajifuta macho, akasema polepole, "Hata siku ile huyu alipiga kelele hivi hivi mbele ya askari. 'Huyu si mama yangu!' Nusura turudishwe sote. Nikamtia biskuti mdomoni, akanyamaza. Leo sina biskuti."

Mjomba Wani ndiye aliyeanza kucheka. "Nani hapa hakuvuka na jina la mtu mwingine? Mke wangu mwenyewe kule Uganda aliandikwa dada yangu, na watoto sita tunao!" Watu wakavunjika mbavu, na yule mwenye boda, ambaye nilikuwa nimemsahau langoni, akawashinda wote.

Keji hakucheka. Wiki nzima alinijibu "ndiyo, kaka", "hapana, kaka", mpaka nilipoenda kumpigia magoti mama yake, mikono mitupu, bila karatasi hata moja, ndipo akaniita tena Taban. Na niliapa: jambo lolote la ukoo nitamuuliza mama kwanza, ndipo nitafute rekodi.

Siku ya harusi, padri alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, kanisa zima liligeuka kunitazama mimi, bwana harusi. Mkwe wangu, aliyekaa benchi la mbele, akafungua mkoba, akanyoosha mkono na kunipa biskuti. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikala.