Ndege wa Sebuleni

Nilipokuwa bado mtoto wa darasa la pili, mama yangu aliingiza ndege ndani ya nyumba. Si ndege wa kuruka. Ndege wa plasta na wa kauri, wa kutundika ukutani na wa kupanga juu ya kabati, wale waliokuja na miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Bariadi yakajaa tena baada ya kukaa matupu muda mrefu. Leo nikiwaambia wanangu kwamba tuliwahi kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, wananitazama kama nasimulia habari za Nuhu. Wacha wanitazame. Waliozaliwa na sabuni ndani ya nyumba hawawezi kujua raha ya kuingia dukani na kukuta vitu visivyo na kazi yoyote isipokuwa kupendeza.

Kijiji chetu kiko upande wa Ngulyati. Mama alikuwa na shamba lake dogo la pamba, na mwaka ule wanunuzi binafsi walikuja na magari yao, kila mmoja akimvutia mkulima kwake. Mama akauza pamba yake kwa mkono wake mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Wenzake walinunua vitenge na masufuria. Yeye alinunua ndege, na watu wakamcheka mpaka wakachoka.

Sebule yetu ilikuwa na viti vinne, kabati, na ukuta mtupu. Mama akaupaka chokaa, akasubiri ukauke, kisha akapigilia misumari. Juu kabisa aliweka bata watatu wanaoruka, mkubwa mbele, wa kati, na mdogo nyuma. Chini yao tausi na kasuku. Juu ya kabati akamweka jogoo, na bata maji mweupe mwenye shingo ndefu na tundu mgongoni la kuwekea maua. Maua hatukuwa nayo, kwa hiyo mama akachomeka vijiti vya pamba iliyopasuka. Jamani, ilipendeza. Nimeingia nyumba nyingi za watu wenye uwezo tangu siku zile, na sijaona chumba kilichopangwa kwa furaha kama kile.

Jioni alikuwa akimbeba mdogo wangu Masanja, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, anamwinua hadi kwenye wale bata watatu. Anamwambia huyu mkubwa ni mama, huyu ni dada yako Kabula, na huyu mdogo ni wewe. Masanja ananyoosha kidole, anasema, "Ba!" Nikiuliza baba yuko wapi, mama anajibu kwamba baba yuko machungani na ng'ombe, kama kawaida yake. Tulikuwa tunacheka sana.

Sasa niseme habari ya bundi.

Siku moja mama alinituma kununua betri za redio kwenye duka la Ngulyati, lile lile alikonunua ndege. Mwenye duka, mzee wa kutoka Kondoa, akachukua kutoka rafu ya nyuma kabisa kibundi cha kauri, ukubwa wa ngumi, sikio moja limevunjika, akanipa. "Nyongeza yako, mjukuu," akasema. Siku hizi naelewa. Nani Usukumani angenunua bundi? Mzee wa watu alikuwa amechoka kumpangusa vumbi. Na mimi nilijua vizuri kwamba yule ni bundi, hakuna mtoto wa kwetu asiyejua kwamba bundi akilia juu ya paa kuna mtu ataondoka. Lakini alikuwa na macho ya duara, na niliona kama ana upweke. Nikamficha kwenye mfuko wa shule, nikaenda kumweka dirishani sebuleni, nyuma ya pazia, ili naye awe na wenzake. Sikumwambia mtu.

Bibi, mzaa baba, alikuwa na nyumba yake mle mle katika boma letu. Alikuwa mwanamke asiyetishika, nimewahi kumwona akiua nyoka kwa mpini wa jembe huku akiendelea na maongezi. Jumapili moja alikuja kuona hiyo sebule inayozungumziwa kijiji kizima. Hakuingia. Alisimama kizingitini, mama akampigia magoti, wakasalimiana, na bibi akawatazama wale ndege mmoja mmoja.

"Ndege ana mti wake, mayu," akamwambia mama, akimwita kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke. "Ukimwingiza ndani, atatafuta pa kutua."

Kisha akauliza kama kuna bundi. Mama akacheka kidogo, kiganja mdomoni, akasema huu ni udongo tu, mama, na bundi hayupo. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na Masanja kiunoni. Masikio yaliniwaka moto. Nikanyamaza.

Lazima nieleze jambo moja kwa wasiolijua. Kwetu, degedege haikuwa homa. Ilikuwa ndege aliyempitia mtoto juu ya kichwa. Na mtoto aliyepitiwa na ndege hachomwi sindano, maana sindano itammaliza. Anafukizwa kwanza, ndege anafukuzwa, ndipo mengine yafuate. Hivyo ndivyo walivyoamini watu wazima wote niliowaheshimu, na waliamini kwa sababu walikuwa wamewaona watoto waliopelekwa zahanati wakiwa wamechelewa, wakachomwa sindano, wakafa.

Haukupita mwezi. Baba alikuwa ameenda na ng'ombe Bukundi kutafuta malisho. Masanja aliamka na homa, akakataa uji, na kabla ya adhuhuri akakakamaa mikononi mwa mama, macho yamegeuka juu. Mama hakupiga kelele. Alivuta kanga, akamfunga mgongoni, akaingiza miguu kwenye malapa, akaniambia nichukue chupa ya maji twende zahanati. Zahanati haikuwa mbali, mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye haraka.

Bibi na shangazi walikuwa uani wanachambua pamba. Bibi akasimama mbele ya mama, mikono ameitandaza. Akasema wakimchoma mtoto huyu sindano atafia mikononi mwao. Mama akasema, "Mama, huyu ana homa. Niache niende." Akampita. Alifika kwenye uzio wa minyaa. Bibi alikuwa ameshashusha mikono, naikumbuka ile mikono ilivyoshuka. Mama angekwenda. Naapa mama alikuwa anakwenda.

Nami nikakimbilia ndani, nikamtoa bundi nyuma ya pazia, nikatoka naye nimemshika juu.

"Ni huyu, bibi," nikasema. "Nilimleta mimi."

Nilidhani nasaidia. Nilidhani wakishamjua ndege ni yupi, watamfukuza yeye, na mdogo wangu atapona. Shangazi akaweka mikono kichwani. Mama akageuka. Akamtazama bundi, akanitazama mimi, na nikaona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Kisha mikono yake ikapanda kifuani, ikafungua fundo la kanga.

Mengine yalikwenda haraka. Bibi alikuwa na kinyesi kikavu cha tembo kwenye kibuyu, akakiweka kwenye kigae chenye makaa, mama akafunikwa blanketi pamoja na mtoto juu ya ule moshi. Bibi akaamuru ndege wote watolewe. Shangazi hakuwafikia wale bata wa juu, nikapanda kiti mimi, nikawashusha, mkubwa, wa kati, mdogo, tukawatia wote kwenye gunia. Bundi, bibi alimshika kwa kitambaa, akaenda naye njia panda na mchi, akarudi na mchi tu.

Masanja akatulia. Mwili ukalegea, macho yakafumba. Bibi akafunua blanketi, akasema ndege ametoka. Akaniwekea mkono kichwani, akasema nimemwokoa mdogo wangu. Nikapewa uji wenye sukari, nikaunywa wote kwa furaha. Nasema kwa furaha, kwa sababu ndiyo kweli, na uji ule bado ninao kooni.

Mdogo wangu alikufa jua likiwa linagusa minyaa. Hakuamka tena.

Msibani watu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walisema kwa sauti ya chini, lakini sebule tupu inasafirisha sauti. Bibi mwenyewe hakusema. Alilia kuliko wote, alikataa chakula, na mpaka anaingia kaburini aliamini kwamba alionya na onyo lake likatimia. Simchukii. Alimpenda yule mtoto kuliko nilivyompenda mimi. Baba alifika siku ya tatu, akakaa nje. Mama hakufukuzwa wala kupigwa, lakini wanawake wenye vichanga waliacha kupita kwetu, na misumari ilibaki ukutani miaka mingi bila kitu.

Na mimi? Kwanza nilijihukumu kwa kumleta bundi. Nilipofika sekondari na kufundishwa malaria, homa na degedege, kosa likabadilika, likawa zito zaidi. Kosa halikuwa kumleta. Lilikuwa kumwonyesha. Uongo wangu haukumdhuru mtu yeyote, ni ukweli wangu uliofungua ile kanga. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mimi yalinijia mapema, nikayalea mwenyewe.

Mama sasa ni mzee, anaishi kwangu Bariadi mjini. Mwaka juzi, mchana mmoja akichambua mchele uani, nilimwambia yote. Nikamwambia kwamba siku ile, kama si mimi, angefika zahanati. Nililia kama mtoto, mwanamke mzima na watoto wangu.

Mama hakuinua kichwa kutoka kwenye ungo.

"Wewe ulikuwa mtoto, Kabula. Ulisema ulichokiogopa," alisema. "Mimi njia ya zahanati nilikuwa naijua. Na fundo nililifungua kwa mkono wangu."

Akaniambia kwamba aliogopa kuitwa mwanamke aliyemuua mtoto kwa ubishi, na kwamba hofu hiyo ndiyo iliyomrudisha, si bundi wangu. Nikaelewa kwamba bibi alisema kweli, ila si kama alivyodhani. Ndege alitafuta pa kutua, akatua kwa mama na akatua kwangu, na miaka yote tuliyokaa chini ya paa moja kila mmoja alidhani amemtulia yeye peke yake.

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye, nikaanza kutoa mawe kwenye mchele. Kisha akauliza, kama anauliza habari ya jana:

"Wale bata, mliwapeleka wapi?"

Nikamwambia shangazi alilizika gunia nyuma ya zizi, chini ya minyaa, hatua chache kutoka kwenye kaburi la Masanja.

"Yule mdogo pia?"

"Naye, mama."

Akapepeta ungo mara moja, makapi yakaruka.

"Basi yuko karibu naye," akasema.