Nyuzi Zilizozama Mapema

Donat Rutagengwa alisajili kibanda chake cha kutengeneza miwani na saa katika ofisi ya sekta ya Gisenyi tarehe 9 Juni 1997. Cheti chenye mhuri wa zambarau kingali kimebandikwa ndani ya mlango, na jina lake limekosewa herufi moja. Hakurudi kulisahihisha. Alikuwa na miaka thelathini na saba, hata mwaka haujaisha tangu avuke kutoka Tanzania, na alikuwa na haraka ya kuanza kazi.

Siku hizi haraka hiyo haipo. Watu wanaangalia saa kwenye simu. Miwani inakuja tayari kutoka Kigali, na ikivunjika inatupwa. Wateja wa Goma, waliokuwa wakipitia mpaka wa Grande Barrière asubuhi na kurudi jioni na miwani yao imekazwa skrubu, wamepungua hadi akawa anawakumbuka mmoja mmoja. Chini ya meza ana sanduku la miwani arobaini na moja ambayo wenyewe hawakuirudia. Huifuta vumbi kila Jumamosi. Mkewe, Mukabera, alifariki miaka saba iliyopita. Binti yao yuko Kigali na hupiga simu Jumapili baada ya misa, dakika sita au saba.

Kila asubuhi, kabla ya kuweka ubao nje, Rutagengwa hufanya jambo ambalo hakuna anayelijua. Hufunika jicho la kushoto kwa kiganja na kutazama mnara wa simu ulioko juu ya mlima Rubavu. Mwaka juzi aliweza kuhesabu vyuma vyake vya kukingama. Mwaka jana aliuona mnara bila vyuma. Mwaka huu jicho la kulia linamwonyesha mlima tu, umekaa kama ndani ya maziwa. Yeye ni fundi wa miwani. Hahitaji daktari kumwambia hilo ni nini. Ni mtoto wa jicho. Na jicho la kulia ndilo la kulengea bunduki.

Umutesi alikuja Jumanne moja ya Oktoba. Aliyemwona kwanza ni Saidati, mshonaji wa kibanda cha jirani, ambaye hapitwi na kitu kwenye ile njia.

"Muzee Donat! Iko mutu anakutafuta. Mwanamuke muzuri, iko na boti za matope kwa miguu." Akashusha sauti, lakini si sana. "Kama ni mambo ya ndoa, uniambie mapema. Kanzu yako mi siwezi kushona siku moja."

"Saidati, shona ya watu."

"Nashona. Macho tu ndiyo iko huku."

Mgeni alikuwa daktari wa mifugo wa ushirika wa wafugaji wa huko juu Kanama. Alizaliwa Masisi, Kongo, akarudi Rwanda akiwa mtoto, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Aliweka masanduku mawili marefu juu ya meza na kueleza shida yake bila kuzunguka. Kulikuwa na mbwa waliotoroka watu wakaingia msituni na kuzaliana huko. Tangu Julai walikuwa wamekula ndama kumi na wawili. Wafugaji walitaka kumwaga sumu. Yeye aliwaomba mwezi mmoja, akapata bunduki ya kurusha sindano za usingizi, ile ya gesi, ambayo ilikuwa imefungiwa kituo cha polisi hadi siku ya kazi.

"Bon, bunduki iko. Shida ni hii," alisema, akafungua masanduku. "Muuzaji ametuma darubini mbili za kufunga juu ya bunduki, tuchague moja. Ingine lazima irudi Kigali Ijumaa. Prezida wa ushirika alikuwa Karagwe, anakujua. Amesema we ulibeba bunduki za wazungu wawindaji miaka kumi na ine."

"Kumi na minne, ndiyo. Pori la Moyowosi, kule Tanzania."

Aliichukua ya kwanza, akaelekea mlangoni na kuitazama kwa jicho la kushoto, haraka, kama mtu anayekagua kioo tu. Nyuzi za ndani, zile zinazokutana msalaba mahali risasi inapotakiwa kwenda, zilikuwa nyembamba kama unywele. Chini ya makutano palikuwa na vistari vidogo vilivyopangwa kama ngazi. Ya pili ilikuwa na nyuzi nene kama vijiti, zilizokonda kidogo tu zilipokaribia katikati. Haikuwa na ngazi yoyote.

"Nimejaribu hii ya bunywele bunywele kwa karatasi, nyuma ya depo ya ushirika," Umutesi alisema. "Hatua makumi ine, sindano inaanguka chini sana. Na hii mistari najua nitainua kiasi gani. Kwa karatasi sikosi."

"Karatasi ni nyeupe na haikimbii," Rutagengwa alisema. "Porini, mama, watu huchukua nene."

"Mbona?"

"Kwa sababu mnyama anakuja giza likiingia. Nyuzi nyembamba juu ya manyoya meusi huzioni tena. Unabaki unalenga kwa kukisia."

Umutesi alifikiri. Sindano ikiingia tumboni, mbwa anakufa vibaya. Ikipita pembeni, kundi linajua na halirudi mahali pale. Na mwezi ukiisha bila kitu, sumu inamwagwa, na sumu haichagui mbwa wa nani.

"Donc tutajuaje?"

Alimweleza walivyofanya kwenye kambi ya wawindaji. Mgeni akileta darubini mpya, hakuna aliyeamini alichokiona dukani mchana. Darubini iliwekwa juu ya mfuko wa mchanga jua likielekea kuzama. Ngozi nyeusi ilitundikwa hatua arobaini mbele. Mbeba bunduki aliangalia peke yake, na wengine wote, hata mgeni mwenyewe, walinyamaza. Nyuzi zilipopotelea kwenye weusi wa ngozi, alisema neno moja: "Zimezama." Mtu mmoja aliandika saa. Hapo hapakuwa na ubishi. Mgeni awe tajiri wa namna gani, saa ile ilikuwa ya mbeba bunduki.

Hakumwambia kwamba dakika hizo ndizo anazozikumbuka kuliko simba wote aliowahi kuwaona: watu saba wamesimama kwenye nyasi, kimya, wakingoja kinywa chake.

"Tufanye kesho," Umutesi alisema. "Na muzee, kama jaribio linaenda muzuri, ushirika unataka upande na mi kila jioni. Mwezi muzima. Mi nalenga, we unaangalia na kuniambia 'sasa'. Chakula tutakula pale kwa wachungaji. Utakubali?"

Saidati, upande wa pili wa ukuta wa mbao, alikuwa ameacha kukanyaga cherehani.

"Nitakubali," alisema Rutagengwa.

Usiku huo alitoa koti zito ambalo Mukabera alimshonea mwaka wa kwanza wa kurudi Rwanda, akalining'iniza nje ya kabati ili harufu ya dawa ya nondo itoke.

Jumatano alitoka nalo mabegani, yeye na Umutesi wakapita Mahoko kuchukua ngozi kwa wachinjaji, nyeusi tupu, bado ina unyevu upande wa ndani. Gari liliwafikisha Kanama hadi mwisho wa barabara, halafu wakapanda kwa miguu hadi malisho ya Sibomana, mchungaji aliyekuwa amepoteza ndama watatu. Sibomana alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa cha soko. Alitundika ngozi kwenye uzio, akapima hatua arobaini kwa miguu yake mirefu, kisha akaambiwa azipime tena kwa miguu ya Umutesi.

Mchanga haukuwepo. Sibomana alileta gunia la maharage, na Rutagengwa akaligandamiza kwa ngumi katikati likafanya bonde la kulaza darubini. Aliweka ile nyembamba. Akawaeleza utaratibu: hakuna kusema. Umutesi akatoa simu ya kuangalia saa. Saa kumi na moja na robo, Rutagengwa alipiga goti, akaweka jicho la kulia.

Aliona ukungu wenye doa. Doa lilikuwa ngozi. Nyuzi hazikuwepo.

Hazikuwepo tangu mwanzo. Alijua zingekuwa hivyo, na bado alikuwa amejiambia kwamba kioo kizuri cha ng'ambo labda kingesaidia. Nyuma yake watu wawili walikuwa kimya. Ng'ombe walikuwa wanatafuna. Alingoja, kwa sababu kusema mara moja kungeshangaza. Alihesabu pumzi zake. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa, lakini upande wa mlima kivuli kilikuwa kimeanza kushuka, na alipohisi baridi yake kwenye mgongo wa mkono, alisema:

"Zimezama."

Umutesi aliandika. "Kumi na moja na dakika makumi ine." Akasita. "Muzee, mi niangalie kidogo?"

"Utaratibu ni—"

"Najua. Kidogo tu."

Alipisha. Umutesi alilala kifudifudi, buti zake zikielekea kwa Sibomana, akaangalia muda mrefu.

"Muzee, mi naona bado. Naona muzuri. Na ngazi naona."

Hapo Rutagengwa angeweza kusema mambo mengi, na yote yangeaminika. Angeweza kusema kwamba jicho la kijana hudanganya, kwamba porini huangalii ukiwa umepumzika, kwamba kwa miaka kumi na minne hakuna aliyebishana na neno lile. Umutesi alikuwa amegeuza uso na kumtazama, tayari kukubali. Angeshuka na ile nene na Rutagengwa angepanda naye kila jioni, mwezi mzima, na wangekula chakula kwa wachungaji.

Alipangusa magoti.

"Endelea kuangalia wewe," alisema. "Mimi jicho hili halioni. Lina mtoto wa jicho, huu mwaka wa tatu. Nyuzi hizo sikuziona hata nilipopiga goti."

Sibomana, ambaye hakuwa ameelewa yote, aliangalia mmoja kisha mwingine.

"Basi ukizipoteza useme," Rutagengwa akaongeza. "Mimi nitaandika saa."

Akachukua simu. Umutesi akarudi kwenye gunia. Safari hii aliyengojewa alikuwa yeye, na Rutagengwa alikuwa mmoja wa walionyamaza. Hakuwahi kusimama upande huo. Dakika zilionekana ndefu.

"Zimezama," Umutesi alisema saa kumi na mbili na dakika kumi na nne. Walibadilisha haraka. Zile nene alizishika hadi saa kumi na mbili na dakika ishirini na saba.

"Dakika kumi na tatu," Rutagengwa alisema. "Nene imeshinda kwa dakika kumi na tatu. Na hizo ndizo dakika za chui."

Ndipo Sibomana alipouliza. "Chui wa wapi? Hapa chui hakuna."

"Namaanisha wanyama. Hao mbwa wako wanakuja saa ngapi?"

"Hao? Wanakuja tukikamua. Wanajua mikono iko na kazi." Alionyesha uzio. "Kumi na moja na nusu. Jua iko. Mi naona hata masikio yao."

Umutesi aliketi juu ya nyasi, akaanza kucheka. Alicheka hadi akajifuta macho. "Muzee! Jioni muzima tunapima giza, na mutu mwenye kuona mbwa iko hapa, tunamupa kazi ya kutundika ngozi!"

Rutagengwa naye alicheka, ingawa baadaye kidogo. Kambini hakuna aliyekuwa akiuliza saa ya mnyama. Moyowosi mnyama aliyengojewa juu ya chambo alikuja giza likiingia, basi. Alikuwa amelibeba giza la huko hadi kwenye malisho ya Kanama bila kumwuliza mwenye ng'ombe.

Waliirudisha nene kwenye sanduku lake; kwa mbwa wanaokuja jua likiwepo, ile ya ngazi ndiyo iliyofaa. Wakishuka, Umutesi alitembea mbele akiwasha taa ya simu, na kila penye jiwe alisimama na kulimulika hadi Rutagengwa apite. Jana asingefanya hivyo. Garini alimwambia kwamba daktari wa macho anakuja hospitali ya wilaya mara moja kwa mwezi, na kwamba yeye mwenyewe angemwandikisha. Juu ya kupanda pamoja kila jioni hakusema neno, na Rutagengwa hakuuliza. Msaidizi asiyeona si msaidizi. Yeye mwenyewe angemwambia hivyo mgeni yeyote.

Alhamisi asubuhi Saidati alikuwa mlangoni kabla ubao haujatoka.

"Eh, muzee, koti ya baridi iko wapi? Mi nilisema leo utapita hapa kama prezida."

"Nimelirudisha kabatini."

Saidati alimwangalia. Akarudi kwenye cherehani yake, na kwa mara ya kwanza tangu wawe majirani hakuuliza la pili.

Rutagengwa alifunika jicho la kushoto, akautazama mlima. Kisha aliweka ubao nje.

Leo saa tisa alasiri gari la ushirika litapanda Kanama na Umutesi, bunduki na darubini ya nyuzi nyembamba. Sibomana ndiye atakayekaa pembeni yake na kumwambia "sasa". Darubini nene itarudi Kigali kesho kwa basi la asubuhi. Jina la Donat Rutagengwa ni la kumi na tisa kwenye orodha ya daktari wa macho, tarehe 21 Novemba. Hadi siku hiyo kibanda kitafunguliwa kila siku saa mbili.