Gari la Kimarekani la Babu Mwita

Sisi tuliokulia Gorong'a kabla bodaboda hazijaingia Tarime tulijua sauti ya kila gari lililopita barabarani, maana yalikuwa machache kuliko misiba. Gari la misheni lilikohoa. Lori la pamba lilinguruma kilimani hadi kuku wakakimbilia ndani. Tukilisikia tulitupa majembe na kukimbia barabarani kulinusa. Ndiyo, kulinusa. Harufu ya petroli ilikuwa tamu kuliko andazi, na aliyewahi kuning'inia nyuma ya lori akaanguka alihesabiwa miongoni mwa waliosafiri. Vijana wa leo bodaboda ikichelewa kidogo wananuna kana kwamba wameonewa na serikali.

Lakini sisi wa mji wa Babu Mwita hatukuhangaika sana na magari ya watu. Tulikuwa na letu. Lilikaa ubavuni mwa zizi, chini ya paa la nyasi ambalo Babu alilijenga kwa uangalifu kuliko alivyojenga jiko la Bibi, na Bibi hakuliacha jambo hilo lipite. Alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye ni mke wa pekee, ila ana mke mwenza wa chuma. Lilikuwa jeusi na refu, boneti yake ndefu hivi kwamba binamu yangu Chacha alidai pua ikifika kanisani matako bado yako sokoni. Viti vilikuwa vya ngozi, na vilipochanika Babu alivitia viraka vya ngozi ya ng'ombe wake mwenyewe, manyoya yakiwa yamo bado, kwa hiyo ukikaa na kaptula ulijikuna hadi jioni. Jina la kampuni liliandikwa ubavuni kwa herufi za kulala ambazo kila mwalimu aliyepita alizisoma kivyake. Sisi tuliliita Kiboko, yakaisha.

Babu alilipata ujanani alipokuwa dereva wa Mzungu mmoja aliyechimba dhahabu vilima vya Matongo. Mzungu huyo alikuja na gari lake la kifahari kutoka Marekani, akaziona barabara zetu, akanunua lori. Dhahabu ilipomkimbia alifungasha akarudi kwao, akamwachia Babu gari kama mtu anavyomwachia jirani mbwa.

Kila Jumapili baada ya ibada tulichota maji mtoni tukaliosha, na wakati tunasugua Babu alikaa kwenye kigoda akatusimulia ukoo wa Kiboko. Historia hiyo aliipata kwa yule Mzungu, ambaye safarini hakuwa na mazungumzo mengine, naye Babu aliikariri kama tunavyokariri majina ya mababu.

Zamani huko Marekani, alisema, walikuwepo ndugu wawili, mafundi saa. Mkubwa akanunua gari wakati ambapo magari yalikuwa bado kitu kigeni duniani. Likamfia njiani, likavutwa na nyumbu hadi nyumbani kwake huku majirani wakimchungulia. Sasa sisi nyumbu tuliowajua ni wale wa Serengeti, wenye ndevu na akili chache, kwa hiyo miaka yote ya utoto wangu niliamini kwamba Wamarekani ni watu jasiri sana wanaokamata nyumbu wa porini na kuwafunga magari. Kesho yake yule fundi saa akaenda kwa aliyemuuzia, akamtajia kasoro za gari moja moja. Mwenye kiwanda akamwambia, kama wewe ni mjuaji hivyo, katengeneze lako.

"Akaenda akatengeneza," Babu alisema. "Mtu wa namna hiyo ni Mkurya. Wamarekani hawajui tu."

Basi magari ya ndugu wale yakawa ya wakubwa. Wenye migodi, wenye reli, hata watawala wa nchi za mbali waliyaagiza, na fundi akikosea upana wa unywele, gari zima lilirudishwa likafunguliwa upya. Halafu dunia ikaingia kwenye shida na matajiri wakapungua. Ndugu wale wakaanza kutengeneza magari ya bei nafuu yenye jina lile lile, ili hata karani apate. Karani akapata. Tajiri alipoona karani naye amekaa kwenye kiti kama chake, akahamia kwa wengine. Mwishowe kampuni ikaolewa na kampuni nyingine, na kama ilivyo ada, aliyeolewa ndiye aliyepoteza jina. Haikuchukua muda ikafa.

Hapo Babu alikuwa akitikisa kichwa kama msibani. "Kampuni ikiolewa vibaya hufa," alisema. "Na binti ni hivyo hivyo."

Maneno hayo yalimlenga Shangazi Robi, mdogo wa mwisho wa baba yangu. Robi alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye mikono ya kuweza kumwangusha ndama, na alikuwa amempenda Mwalimu Elia, kijana mpole kutoka Singida aliyepangiwa kufundisha Robanda. Alimkuta huko alipokwenda kumsaidia ndugu yetu mavuno. Siku Mwalimu alipokuja kujitambulisha alipiga shikamoo kwa kila aliyemzidi umri, kisha kwa woga akampigia na Chacha, aliyekuwa darasa la tatu. Babu hakupata kasoro ya kutaja. Mahari ilipokelewa, tarehe ikapangwa, na wazee wa Singida wakatuma habari kwamba watakuja na gari la kukodi la kumchukua bibi harusi. Hilo gari ndilo lililoharibu mambo.

"Mwalimu," Babu alimwambia, "binti yangu hatoki hapa ndani ya gari la watu, kana kwamba kwetu hakuna gari. Atakwenda kanisani ndani ya Kiboko. Kama si Kiboko, haendi."

Mwalimu Elia alilitazama paa la nyasi. Kiboko hakuwa amewaka tangu kabla Shangazi hajaota meno. Ndani yake walikuwa wakitaga kuku, na usukani ulikuwa na kiota cha nyigu.

"Sema tu hutaki aolewe," Bibi alisema akiwa jikoni.

"Nimesema nilichosema."

Na kwetu mzee akishasema mbele ya mgeni, maneno hayarudi kinywani. Kwa hiyo ndoa yote ikaning'inia kwenye injini. Wazee wa watu walikuwa wanakuja kutoka Singida. Wangeaibika, wangeondoka, na Mwalimu angeoa kwao. Tulidhani Shangazi atalia. Alifunga kanga kiunoni, akawatoa kuku mmoja mmoja, akawafukuza nyigu kwa moshi, kisha akapanda baiskeli hadi Sirari na kurudi na fundi amekaa nyuma kwenye keria, amekumbatia sanduku lake la spana. Aliyekuwa anaendesha ni yeye Robi. Fundi alisema milimani alifumba macho.

Fundi Onyango alikuwa amejifunzia kazi upande wa Kenya, na Kiswahili chake kilitufurahisha. Alifungua boneti, akatazama muda mrefu, akavua kofia.

"Mzee wangu," alisema, "hii gari si ya kutengenezwa. Hii ni ya kuombewa."

Lakini alibaki. Alikula ugali wetu wa mtama na kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo ya ng'ombe, akalala, akaamka, akachokonoa. Mkanda wa feni aliukata kwenye ngozi ya ng'ombe. Matairi yaliyokataa kushika upepo yalijazwa nyasi, tukayashindilia sisi watoto kwa mchi. Petroli ilivushwa mpakani kwenye dumu la mafuta ya kula. Na asubuhi ya harusi, Babu akiwa ameshika usukani ndani ya koti la yule Mzungu lililomfika magotini, Fundi alizungusha kile chuma cha mbele cha kuwashia, akazungusha tena, akatukana kwa Kijaluo, na Kiboko akawaka.

Sijawahi kusikia tena sauti kama ile. Ng'ombe walivunja zizi. Kuku mmoja ambaye hatukumwona alitoka chini ya boneti akiwa hai, lakini tangu siku hiyo hakutaga. Moshi ulipopungua tulimwona Babu analia waziwazi, na hakuna aliyethubutu kumtazama.

Shangazi aliingia na gauni lake jeupe, akakaa juu ya viraka vyenye manyoya kama malkia. Mimi na Chacha tulikaa miguuni pake kushika gauni. Tukatoka. Akina mama walipiga vigelegele, mpiga litungu, kinubi chetu cha Kikurya, akakimbia pembeni akipiga, na Kiboko aliruka ruka juu ya matairi yake ya nyasi hadi kofia ya Babu ikapasuka kwenye paa. Tulipita sokoni. Tulipita shuleni. Kisha tukaanza kupanda kilima cha kanisa, na katikati ya kilima Kiboko alipiga chafya kubwa, akanyamaza.

Fundi Onyango alikuja mbio kutoka nyuma, akafungua boneti, akaifunga haraka.

"Imeenda," alisema.

"Imeenda wapi?" Babu aliuliza.

"Kwa wenzake."

Tuliona kanisa kule juu, na wazee wa Singida wamesimama mlangoni. Gari lao la kukodi, jipya na jeupe, lilikuwa limeegeshwa pale pale. Mmoja wao alituma kijana kusema kwamba wako tayari kushuka kumchukua bibi harusi. Babu alishika usukani kwa mikono miwili.

"Tunarudi nyumbani," alisema.

Hata litungu lilikoma. Nilimtazama Shangazi, nikaona amekunja gauni ngumini, na kwa mara ya kwanza niliogopa kweli. Yeye alikuwa anatazama nje ya dirisha. Shambani kando ya barabara, jirani yetu Mzee Wambura alikuwa analima na maksai wake, na alikuwa amesimama kututazama.

"Tata," Shangazi alisema. Ndivyo tunavyomwita baba kwetu. "Ulisema niende kanisani ndani ya Kiboko."

"Nilisema."

"Hukusema avutwe na nini."

Nje, Bibi aliyekuwa ametembea nyuma ya gari njia yote alicheka, kwanza kidogo, halafu akashindwa kujizuia, akakaa chini barabarani na nguo yake mpya. Babu alimtazama mkewe. Halafu akatoa kichwa dirishani.

"Wambura," aliita, "lete ng'ombe."

Maksai wakafunguliwa jembe, wakafungwa Kiboko kwa minyororo. Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni kwamba maksai wa kulima hawajui barabara. Wanajua shamba. Walivuta vizuri kabisa, wakatupandisha hadi umbali ambao kwa hesabu yao ndio mwisho wa mstari, kisha wakageuka kwa adabu na kuanza kurudi. Bibi harusi akateremshwa kilima. Wakageuzwa kwa fimbo na makelele, wakapanda, wakageuka tena. Wazee wa Singida kule juu walimwona mkwe wao anakuja, anaondoka, anakuja, anaondoka, na baadaye walikiri kwamba walidhani ndiyo mila ya Kikurya, bibi harusi huonyeshwa na kunyimwa. Mmoja wao alikuwa anapiga makofi kila tulipogeuka.

Mwalimu Elia ndiye aliyemaliza mambo. Alishuka mbio na suti yake, akashika kamba ya ng'ombe wa mbele, akatembea nao akiwasemesha kwa Kinyaturu cha kwao, nao kwa sababu wanazozijua wenyewe wakamfuata hadi mlangoni mwa kanisa. Alifika ametapakaa matope hadi mapajani. Babu alishuka, akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Karibu kwetu," alimwambia. Hakuwa amemwambia neno hilo tangu aanze kuja.

Babu alifariki miaka mingi iliyopita. Baba zangu waliliacha gari pale ubavuni mwa zizi, maksai walikolirudisha, hadi paa la nyasi likaliangukia, kisha wakaja vijana wa chuma chakavu na nyundo zao wakalipakia vipande vipande. Fundi Onyango alikufa na sifa yake. Shangazi Robi na Mwalimu bado wako Robanda, wamestaafu, wanagombania mahindi na tembo wa hifadhini, na Mwalimu bado anaamini tembo naye anaweza kusemeshwa.

Mwaka huu binti yao wa mwisho, Neema, ameolewa. Nilikwenda. Alikuwa na msafara wa magari meupe ya kukodi yenye maua na riboni, vioo vimepandishwa kwa ajili ya kiyoyozi, na kamera inayopaa angani kama mwewe aliyepotea. Vijana wa msafara walitumia muda mwingi zaidi kujipiga picha wameegemea magari hayo kuliko walioutumia kuyapanda. Ukimuuliza leo mmoja wao lilikuwa gari la kampuni gani, atatafuta kwenye simu.

Nilikaa nyuma na Neema na mama yake. Njiani Neema alimuuliza, kwa sababu amekua akichekeshwa na hadithi hii, kama siku ile hakuona aibu.

"Niliona," Shangazi alisema. "Tulipokuwa tunageuka mara ya kwanza nilitaka kufa. Halafu nikachungulia dirishani, nikaona Gorong'a nzima iko nje. Walioacha majembe, walioacha soko, watoto wa shule na mwalimu wao. Tulipopanda walipanda na mimi, tuliposhuka walishuka na mimi. Hakuna aliyerudi kwake." Akamshika binti yake mkono. "Aibu ya watu wengi hivyo, mwanangu, haikai kwa mtu mmoja."

Neema alitazama nje. Barabara ni ya lami sasa, na tulikuwa tunakwenda kasi sana. Kina mama waliokuwa wamesimama kando na majembe yao tulikuwa tumekwisha wapita kabla hatujajua ni akina nani. Alimwomba dereva ashushe vioo na apunguze mwendo. Dereva alisema joto litaingia.

"Liache liingie," Neema alisema, akatoa mkono nje kuwapungia.