Ugali wa Njano Mbele ya Mama Mkwe

Mimi shule sikuikalia sana. Nilifika darasa la tatu, nikaona kuchunga ng'ombe wa watu kunalisha kuliko kalamu, nikaacha. Leo nina hoteli ya chakula karibu na stendi ya Biharamulo, na wapishi wote waliomo nimewafundisha mimi mwenyewe kwa mkono huu. Madereva wanaoelekea Ngara wakishuka hawaulizi kumepikwa nini. Wanauliza kama mzee yupo. Nikiwapo wanakaa, nisipokuwapo wapo wanaoondoka. Sisemi haya kwa kujisifu, ingawa hata nikijisifu haki ninayo. Nayasema ili msomaji ajue kwamba anayemsimulia habari za ugali ni mtu anayeujua ugali.

Unga wa njano ulitufikia Nyamahanga, kijiji cha ujamaa huku Biharamulo, wakati wa vita vya Kagera. Muhogo mkavu na maharage tulikuwa tumechangia askari, kila nyumba kwa kipimo chake, na aliyenung'unika alinung'unikia chumbani kwake. Duka la kijiji likaletewa magunia ya unga wa mahindi ya njano, umesagwa chenga chenga kama mchanga wa mtoni, una harufu ya ghala. Watu wakasema ni chakula cha farasi. Hakuna aliyewahi kumwona farasi pale kijijini, lakini walilisema jambo hilo kwa uhakika.

Sisi watu wa Ngara tulikulia ndizi, maharage, mtama na muhogo. Ugali wa muhogo hauna subira. Maji yakishachemka unaepua chungu, unamimina unga kwa pamoja, unakibana chungu kwa miguu na kusonga kwa nguvu, basi, umekwisha. Mwanamke mwenye mkono mzuri anamaliza kabla mgeni hajamaliza kusalimia. Sasa wanawake wa kwetu waliohamia Nyamahanga waliuchukua ule unga wa njano wakausonga vilevile. Ugali ulitoka na rangi ya kupendeza, ukasimama sahanini kama ugali, na ndani ulikuwa mbichi. Nyumba za kwetu zote zikawa zinashika tumbo. Zikaanza habari kwamba unga umetiwa sumu na adui, mpaka balozi wa nyumba kumi akapita mlango kwa mlango kuwakataza watu maneno hayo. Wasukuma, ambao mahindi wameyazoea, waliula na hawakupata lolote. Ikasemwa wana matumbo ya ng'ombe.

Mimi nilijua shida iko wapi. Nilikuwa mpishi wa kikosi cha barabara, wale waliofukia mashimo ili malori ya jeshi yapite. Upishi wenyewe nilifundishwa kambini na Mgogo mmoja mtu mzima, aliyekuwa akinipiga vifundo vya vidole kwa mwiko kila nilipotaka kuepua mapema. Huyo alikuwa mwalimu. Darasani sikumpata wa kufanana naye.

Katika siku hizo mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kike, na mama yake akaja kumtunza. Alikuja kutoka Nyakisasa, kwetu Ngara, kwa lori la kahawa, na kikapu cha ndizi na mfuko wa ulezi. Vyakula hivyo vilipokwisha hakukuwa na kingine ila unga wa njano, na aliyeupika ni yeye.

Hapo lazima nieleze jambo la kwetu. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaingii jiko moja, na neno la moja kwa moja baina yao halipo. Nyumbani Nyakisasa hilo lilikuwa jepesi, kwa sababu kila boma lina migomba yake na njia zake za kupitia. Ukisikia kikohozi unakata kushoto. Katika kijiji cha ujamaa nyumba zilipangwa mstari mmoja kama askari gwaride, vyumba viwili, mlango mmoja, na jiko la nyasi nyuma. Nikitaka kuingia kuchukua shati, nilikohoa toka kwa jirani, nikasubiri yeye ajifunike kanga na kugeukia ukuta, ndipo nikapita nikitazama chini. Nilikuwa nalala kambini. Jioni nilifika, nikakaa nje upande wa dirisha, mke wangu akaniambia habari za siku hiyo kupitia upenyo wa dirisha.

Habari zilikuwa mbaya. Tumbo lilikuwa limemshika kama wenzake, na yeye alikuwa mzazi. Alichokula hakikukaa. Maziwa yalikuwa machache na mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia amweleze mama yake kwamba unga ule unataka moto mrefu. Kesho yake jibu likaja: ugali amesonga tangu hajaolewa, hakuja Biharamulo kufundishwa moto.

Nikamtuma jirani yetu, bibi mmoja wa Kisukuma aliyehamia pale na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Alikwenda, akarudi akijifuta machozi ya kicheko.

"Mkweo anasonga kama mtu anayezima moto," akaniambia. "Nimemwambia, mayu, ngoja, haujaiva. Ananijibu ugali wa kwao haungojwi."

Mayu kwao ni mama. Nilimshukuru, nikaenda dirishani. Mke wangu hakunipa salamu.

"Mama amesema Alhamisi," akasema.

Alhamisi ndiyo siku lori la kahawa lilipokuwa likipita kwenda Ngara. Mama mkwe alikuwa ameamua: mwanawe asipopona, anarudi naye na mjukuu, kijiji hiki hakitamzikia mtu. Ilikuwa Jumatatu.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Kwetu mke akichukuliwa kwao na kitoto kichanga, humfuati mwenyewe. Wanakwenda wazee wako, wanakaa, wanasema maneno yao, wanajibiwa. Mimi baba yangu alikufa ningali mdogo na baba wadogo sina. Kila nilichopata nimekipata bila mtu wa kunisemea. Mke wangu akipanda lori lile, hakukuwa na mtu wa kumtuma.

Jumanne nilimwomba msimamizi ruhusa ya siku, nikafika nyumbani asubuhi na sufuria kubwa ya kambini na mwiko wangu. Jikoni nisingeweza kuingia. Nikaweka mafiga matatu uwanjani, mbele ya mlango, mahali palipo wazi, kijiji kizima kikiona. Mke wangu alikuwa amepanda maboga kando ya zizi la yule bibi Msukuma, na mbolea ile iliyafanya yatambae mpaka kwenye boma. Nikachuma yale machanga, mamung'unye, ambayo ukucha unaingia kwenye ganda bila kusukuma. Kambini tulikuwa tunafanya hivyo lori la maharage lilipochelewa. Mung'unye likichemka linayeyuka, linaufanya ugali ukae laini, na ule ulaini unaupa unga muda wa kuiva bila kukauka. Kwa mtu mwenye tumbo bovu hakuna kinachoshinda hicho. Niliwaza hivyo mwenyewe. Sikuambiwa na daktari.

Nilianza kuyakatakata. Wanaume waliokuwa wanakwenda shamba la kijiji wakasimama na majembe begani.

"Ndugu yetu," mmoja akauliza, "aliyejifungua ni mkeo au ni wewe?"

"Wote wawili," nikasema, "na mimi ndiye mwenye njaa zaidi."

Walicheka, lakini hawakuondoka. Mwanamume kukoroga chungu kambini ni kazi, mbele ya mlango wake ni kituko.

Mlango wa nyumba ukafunguka kiasi cha kiganja. Sikutazama. Nikasikia sauti ya mama mkwe, na alikuwa hasemi nami. Alikuwa anasema na mtoto aliyempakata.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako boga changa huliwa na mwenye njaa na mwizi."

Kwetu boga huachwa mpaka likomae na kuwa gumu. Kulichuma changa ni kama kuchinja mtamba. Nikaendelea kukata, nikamjibu mtoto wangu, ambaye umri wake ulikuwa haujafika hata wa kugeuza shingo.

"Mwanangu, mwambie bibi yako mwizi hapa hayupo. Mwenye njaa yupo, amelala nyuma yake."

Nikatia mamung'unye majini na chumvi kidogo. Yalipolainika nikayaponda kwa mwiko, maji yakawa mazito na ya kijani. Nikaanza kuunyunyiza unga kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukikoroga, kidogo kidogo, kama mtu anayelisha vifaranga. Hiyo ndiyo siri. Unga wa njano ukiumwaga kwa pamoja unafanya madonge, na ndani ya kila donge kuna tumbo la kuuma.

"Mwambie baba yako moto wake umezidi," sauti ikasema.

Nikatazama, ulikuwa umezidi. Nikavuta ukuni mmoja nje.

Ikawa uji. Nikaacha uchemke na kurukaruka, nikaongeza unga, nikaongeza tena. Ukaanza kushikana. Jua lilikuwa limepanda na wale wanaume walikuwa wameshaketi juu ya majembe yao, shamba la kijiji likiwangoja. Yule bibi Msukuma alifika na kibuyu cha siagi ya ng'ombe wake. Nikasonga, nikafunika, nikafunua, nikasonga.

"Mjukuu wangu," mama mkwe akasema, na safari hii alikuwa ameudhika, "mwambie baba yako ugali umeshakuwa ugali. Sasa anautesa."

Nilikuwa nimechoka na jasho lilikuwa linaniingia machoni. Labda ndiyo maana nikasema nililosema.

"Mwanangu, mwambie bibi yako ugali wa muhogo ni mchumba, ukiuita unakuja. Huu ni mkwe. Lazima ungojwe."

Bibi Msukuma alicheka mpaka akakaa chini na kibuyu chake. Wanaume walitazama pembeni, hakuna aliyetaka aonekane amesikia. Nikadhani nimejiharibia, kwamba hata Alhamisi haitangojwa. Kisha ndani, nyuma ya mlango, nikamsikia mke wangu anacheka. Alicheka kwa taabu, kicheko cha mtu anayejishika tumbo, lakini tangu ajifungue sikuwa nimekisikia. Mlango haukufungwa.

Ulipoiva ulinukia. Unga mbichi unanukia ghala, ulioiva unanukia mahindi ya kuchoma; pua yoyote inatofautisha. Nikachota sahani, nikatia siagi juu, bibi Msukuma akaupeleka ndani. Mke wangu alikula wote. Nilijua kwa sababu sahani ilirudi imepanguswa. Mama mkwe hakugusa, na sikutarajia aguse, kwani chakula cha mkono wa mkwe kwake ni mwiko. Alikula majani ya maboga ya kuchemsha, bila kitu kingine.

Jumatano nilipika tena kabla ya kwenda kazini. Jioni niliporudi, mke wangu aliniambia dirishani kwamba tumbo limetulia na maziwa yameongezeka. Mtoto alikuwa kimya, amelala. Nilimuuliza kuhusu lori. Akasema mama hajasema kitu.

Nilikaa pale nje. Baada ya kitambo nikasikia kikohozi kutoka jikoni, nyuma ya nyumba, na sauti ile ile.

"Mjukuu wangu, muulize baba yako, huo unga anautia mara ngapi."

Mtoto alikuwa chumbani na mama yake, si jikoni. Sikulisema hilo, nikasogea mpaka nje ya jiko.

"Mwambie bibi yako," nikajibu kupitia ukuta wa nyasi, "si mara. Ni mpaka mwiko usimame."

Nikamsikia akinyunyiza. Kila nilipomsikia akitaka kuepua nilikohoa, naye akarudisha chungu motoni. Tuliendelea hivyo, yeye ndani mimi nje, bila neno, mpaka nikaisikia ile harufu, nikanyamaza. Wapishi wangu wa leo nawafundisha wakinitazama machoni na bado wanakosea. Yule mama nilimfundisha kwa kikohozi, na alishika mara moja. Ualimu wa namna hiyo haupatikani chuoni.

Alhamisi asubuhi nilikuwa barabarani na kikosi, karibu na njia panda, lori la kahawa likaja likiyumba. Nikaacha koleo, nikakatiza mashambani mpaka nyumbani. Nilipofika lilikuwa limesimama, injini inanguruma. Mama mkwe alikuwa anapandishwa nyuma na utingo, kanga imefunika uso, kikapu mkononi. Nikageuza uso upande wa zizi kama inavyotakiwa. Nilingoja kusikia nyayo nyingine nyuma yake. Lori likaondoka.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa mlangoni amembeba mtoto. Alisema mama ameacha ugali jikoni.

Kwa mara ya kwanza tangu mgeni afike nikaingia jiko langu. Chungu kilikuwa pembeni ya mafiga, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Niliula nikiwa nimesimama, kwa mkono, mpaka ukoko. Ulikuwa umeiva. Kisha nikarudi barabarani kabla msimamizi hajaanza kuniulizia.