Fundi aliyemsaka mwenye mchezo wa kifungo

Saa mbili asubuhi. Mteja amesimama mbele ya cherehani, amekuja kuchukua suruali, na tayari shati lake limepungukiwa na kifungo kimoja. Hajui. Fundi anamwonyesha viganja vitupu, kisha anamwomba apapase mfuko wa suruali mpya. Kifungo kimo, na kimeshonwa barabara kwa uzi wa rangi ya shati.

"Umewahi kuuona mchezo huu popote?" fundi anauliza, penseli ikiwa sikioni.

"Sijawahi. Sasa kirudishe, nachelewa kazini."

Fundi anaandika daftarini: mtu wa arobaini na moja, hajawahi.

Majirani humwita Baba Pacha. Kwa miaka ishirini na mbili ameshona mashati na sare katika kibanda chenye upana wa meza mbili. Mara mbili hivi kwa mwezi hufanya mazingaombwe kwenye sherehe za watu.

Anachokitamani ni kidogo: jina lake liingie katika kitabu cha chama cha wanamazingaombwe. Mwanachama huandikwa humo kwa mchezo alioubuni mwenyewe. Akitokea mmoja tu aliyeuona kwa mtu mwingine, mchezo unakataliwa. Kila mwanachama ana nafasi tatu maishani, na Baba Pacha amekwisha kupoteza mbili.

"Mara ya kwanza nilitoa yai ndani ya kitambaa," anasema. "Kabla sijafika mwisho, mzee mmoja wa mstari wa mbele akanimalizia."

"Mara ya pili alikata kamba ikaungana," anadakia mkewe, ambaye anapiga pasi kola. "Hata mimi nilikuwa naujua. Nilinyamaza kulinda ndoa."

Tangu hapo hakiamini kichwa chake. "Kichwa kinaona kitu, kinakisahau, halafu siku moja kinakuletea kama zawadi," anaeleza. Ndiyo maana huulizauliza. Huwaeleza wakongwe wa mazingaombwe kile ambacho watazamaji wanakiona, siri yenyewe hubaki nayo.

Wiki mbili zilizopita alimuuliza mwanamazingaombwe mstaafu, ambaye sasa ni kinyozi. Mkasi ukasimama hewani.

"Huo nimeuona," kinyozi alisema. "Harusi ya binti wa muuza viatu, miaka kumi na tisa sasa. Kifungo kilitoka kwenye koti la bwana harusi, kikakutwa kimeshonwa kwenye mkoba wa mama wa bibi harusi."

"Nani aliufanya?"

"Nilikaa nyuma kabisa, ndugu yangu. Niliona mkono tu."

"Kwa siku tatu niliomba kila alfajiri," anasema Baba Pacha. "Nilimwomba Mungu anionyeshe mwenye mchezo, nikamtake radhi."

Siku ya nne akaenda kwa muuza viatu.

"Shikamoo, mzee. Yule mtu wa kifungo, kwenye harusi ya binti yako, unamkumbuka?"

"Marahaba." Mzee aliweka kiatu chini, akamtazama kuanzia miguu hadi utosi. "Unanitania? Si wewe uliyelishona lile koti? Ulikuwa na masharubu."

Hapo ndipo yote yalipomrudia. Alilimaliza koti lile asubuhi ya harusi, mbiombio. Alipokuwa akimnyooshea bwana harusi kola mbele ya wageni, kifungo kikamdondokea kiganjani. Kukiri hakuweza. Sindano na uzi alikuwa navyo, na mkoba ulikuwa kitini. Alikishona akiwa ameinama nyuma ya kiti, kisha akatangaza mchezo. Watu walipiga makofi. Yeye alirudi nyumbani akijikaza kuisahau ile aibu, akafaulu kupita kiasi: aliusahau na mchezo.

"Nilikuwa naomba mwenye mchezo ajulikane," anasema. "Mungu akanishikia kioo."

Mchezo ni wake, basi. Lakini ili chama kikubali kwenye kikao cha Jumamosi hii, lazima alete shahidi na aeleze ulivyoanza. Yaani asimame mbele ya watu na kusema kwamba alishona vibaya, yeye ambaye kibao chake mlangoni kinasomeka: Hapa Vifungo Havidondoki.

"Nilimwambia achague," anasema mkewe. "Jina la fundi au jina la mwanamazingaombwe. Usiku huo aliomba sana, mimi nikalala."

Asubuhi alirudi kwa muuza viatu akasema yote.

"Miaka yote hii nawasimulia wageni muujiza," alisema mzee, "kumbe ni uzi mbovu." Kisha akacheka hadi akakohoa. "Nitakuja Jumamosi. Na mke wangu atakuja na mkoba. Kifungo bado kipo, mwanangu. Tulijaribu kukitoa, kikakataa."

Baba Pacha anasema hilo la mwisho limemfariji kuliko yote.

Akiandikwa, Mungu akipenda, amepanga kuwaonyesha wanachama wenzake jinsi ya kuuliza kabla ya kujisifu. Kibao ameshakishusha ili akipake rangi upya. Maneno bado anayafikiria.

Koti la kijivu atakalovaa Jumamosi limetundikwa ukutani. Vifungo vitatu amevishona mara mbili. Cha nne kinaning'inia kwa uzi mmoja, na safari hii ni makusudi.